Zana za Mgeni katika Mashine Dhahania

Mashine dhahania ni kompyuta isiyokuwa na chuma wala waya wake yenyewe. Ni programu iendeshwayo ndani ya kompyuta halisi, nayo huuonyesha mfumo wa uendeshaji uliowekwa humo kichakataji, kumbukumbu na diski kana kwamba vyote ni mali yake peke yake. Wazo hili si jipya: kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo uliomo katika mashine dhahania huitwa mgeni.

Mgeni asiyejijua kuwa ni mgeni huleta taabu. Saa yake yaweza kuchelewa, kwa sababu baadhi ya mapigo ya saa humpita wakati mwenyeji amewapa wengine kichakataji. Akizimwa ghafla, maandishi ambayo hayajafika diskini hupotea. Ndipo zikatungwa zana za mgeni, yaani programu ndogo ziwekwazo ndani yake ili zisemezane na mwenyeji. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu hupewa siku ya kwanza.

Zana ya kuvutia kuliko zote ni ile iitwayo puto. Mwenyeji akipungukiwa na kumbukumbu, huliamuru puto livimbe. Puto humwomba mgeni kurasa za kumbukumbu, huzifunga zisitumiwe, kisha humwarifu mwenyeji kuwa aweza kuzitwaa. Hivyo mgeni mwenyewe ndiye achaguaye cha kuacha, naye ajua zaidi kurasa zipi hazina kazi. Bila puto mwenyeji hukisia tu, na huenda akahamishia diskini kurasa zile zile zinazohitajiwa saa hiyo.

Mwaka 2007 kampuni ya VMware ilitoa hadharani matini ya zana zake kwa jina la open-vm-tools. Matini hayo yaonyesha kwa nini zana za Linux haziwezi kuhamishiwa FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix wenye asili yake Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa kupitishwa katika kompaila tu. Mifumo hiyo hufanana kwa nje. Viini vyake ni mbali kabisa. Linux huonyesha hali ya kumbukumbu katika faili za /proc, hali FreeBSD huulizwa kwa wito wa sysctl. Puto hukaa ndani ya kiini chenyewe, na kila kiini kina njia yake ya kugawa kurasa. Kwa hiyo sehemu hiyo sharti iandikwe upya, na kosa moja humwangusha mgeni mzima.

Hata kuzima kuna mtego. Katika Linux, amri ya shutdown -h kwa kawaida husimamisha mfumo na kukata umeme. Katika FreeBSD amri hiyo hiyo husimamisha mfumo tu. Atakaye kukata umeme huandika -p. Mhamishaji asiyelijua hilo atamkuta mgeni amesimama kimya, na mashine yake ingali imeshika kumbukumbu ya mwenyeji.