Mishale ya Saa Haina Budi Kukutana

Katika kila nyumba yenye saa ya ukutani limo somo ambalo wengi hawajalitambua. Saa sita kamili za mchana, mshale mrefu na mshale mfupi hulaliana. Tangu hapo hadi kabla ya saa sita kamili za usiku, mishale hiyo hukutana mara ngapi? Wengi watajibu: mara 12. Jibu la kweli ni mara 11, pamoja na yale makutano ya kwanza. Mshale mrefu huzunguka mara 12 na mfupi mara 1. Ukitoa 1 katika 12 hubaki 11.

Lililo la ajabu zaidi ni kwamba hata saa ikiwa mbovu, mishale ikaenda mbio, ikasita au ikarudi nyuma, hesabu hiyo haipungui. Maadamu mishale haikuruka mahali, na mwishowe yote miwili imerudi juu, mrefu ukiwa umetimiza mizunguko 12 na mfupi mmoja, makutano yaweza kuzidi 11, lakini kamwe hayapungui.

Elimu ichunguzayo mambo haya ni tawi la hisabati liitwalo topolojia. Haiulizi kwanza makutano yako wapi. Huuliza: je, yapo? Na kama yapo, si chini ya mangapi?

Tuchukue mfano wa askari wa doria. Jumatatu anaondoka kambini saa 12 asubuhi na kufika kituo cha mpakani saa 12 jioni. Jumanne anarudi kwa njia ile ile, akiondoka na kufika saa zile zile. Hapana budi pawepo mahali njiani alipopita siku zote mbili katika saa moja. Asiyesadiki na awaze askari wawili walioondoka siku moja, mmoja kambini na mwenzake kituoni: lazima wakutane, hata kama mmoja alipumzika na mwingine alikimbia.

Aliyeipa elimu hii kanuni kuu ya kuhesabia makutano ni Solomon Lefschetz, aliyezaliwa Moscow mwaka 1884 na kulelewa Ufaransa. Alisomea uhandisi mjini Paris, akahamia Marekani mwaka 1905. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 23, ajali ya kazini ilimpotezea mikono yote miwili. Hakukata tamaa. Aligeukia hisabati, akapata shahada ya udaktari mwaka 1911, na mwaka 1913 akamwoa Alice Hayes, aliyemtia moyo katika maisha ya mikono ya bandia. Mwaka 1926, akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, alitangaza kanuni yake: miendo miwili ikitazamwa kwa ujumla hutoa namba moja, namba hiyo isipokuwa sifuri, makutano hayana budi kuwapo. Ikiwa sifuri, kanuni hunyamaza. Katika miaka hiyo hiyo, Jakob Nielsen wa Denmark alianzisha njia ambayo leo husaidia kukadiria idadi ya chini ya makutano.

Faida yake ni kubwa. Mhandisi atafutaye jibu la hesabu ngumu hutaka kujua kwanza kwamba jibu lipo. Akishajua hivyo, hutafuta kwa subira, wala hahesabu jasho lake kuwa la bure.