Nimpe, na Akienda Kunywa?

Swali hili mnalijua. Misa imekwisha, watu wanatoka kanisani, na hapo karibu na mlango ameketi mtu aliyenyosha mkono. Hana nyumba, usiku hulala barazani mwa duka, akijifunika gunia. Mkristo anatia mkono mfukoni, anashika noti ya franka, kisha anasita. Anawaza moyoni: «Huyu nikimpa, je, hatakwenda kunywa?» Basi mkono unatoka mtupu, naye anakwenda zake akiwa na amani, kwa sababu amejiona mwenye busara.

Sisemi kwamba hofu hiyo haina msingi wowote. Wako wanaokunywa. Nani kati yetu hajaona mwombaji aliyelewa kabla ya adhuhuri, au mtoto wa njiani mwenye kunusa gundi ya mafundi viatu mpaka macho yamebadilika? Mwenye kukana mambo hayo hajatembea mjini. Lakini yafaa tuulize: wanaotumia vibaya ni wengi kiasi gani, na je, hofu yetu inalingana na mambo yalivyo? Juu ya hayo hatuna haja tena ya kubahatisha, kwa maana watu wenye elimu wamekwisha kuchunguza, tena mara moja walichunguza hapa hapa Kongo.

Ilikuwa Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, mnamo mwaka 2011. Huko palikuwa na kambi ya watu waliokimbia vita, wameacha nyumba, mashamba na mbuzi wao. Shirika la Concern lilitaka kuwasaidia, na hapo likazuka shauri ambalo ni la zamani sana. Wengine husema: mpe maskini fedha mkononi, yeye ndiye ajuaye shida yake. Wengine hujibu: la, fedha zitapotea, mpe karatasi ya kununulia vitu kwa wachuuzi waliochaguliwa, hapo hataweza kukosea. Basi wakafanya yote mawili. Jamaa 474 ziligawanywa, hizi zikapewa fedha, hizi karatasi, na thamani ilikuwa sawa, dola 130 kwa kila jamaa. Mtaalamu mmoja wa mambo ya uchumi, Jenny Aker, akafuata habari zao na kuandika aliyoyaona mwaka 2013.

Aliona nini? Waliopewa fedha walinunua vitu vya namna nyingi, kila nyumba kadiri ya haja yake. Waliopewa karatasi walinunua, pamoja na vitu vingine, chumvi nyingi. Je, walipenda sana chumvi? Hapana! Chumvi haiozi, yawekwa, na siku ya shida yauzwa tena. Yaani mtu aliyenyimwa fedha alijitengenezea fedha kwa njia ndefu zaidi. Mwishoni, walipopimwa kwa chakula walichokula na kwa hali ya nyumba zao, makundi yote mawili hayakutofautiana kwa jambo kubwa. Neno moja tu lilitofautiana: kazi ya kugawa karatasi ilikula gharama nyingi kuliko kazi ya kugawa fedha. Wenye kutoa walilipa zaidi ili kumlinda maskini na upumbavu, na maskini hakuwa mpumbavu.

Habari ya Masisi haiko peke yake. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Banki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya uchunguzi 19 uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakatafuta neno moja: je, maskini akipewa fedha, huongeza kununua pombe na tumbaku? Karibu pote jibu lilikuwa hapana. Mahali pengine matumizi hayo hata yalipungua.

Labda msomaji mmoja atasema: «Hao ni watu wa vijijini na wakimbizi wenye watoto wao. Mimi nauliza habari za mtu wa mjini asiye na kwao.» Swali jema. Twende basi hata Vancouver, mji mkubwa wa Kanada, ambako wasio na makao ni wengi na baridi ni kali. Huko watu 50 wasio na nyumba walipewa kila mmoja dola 7,500 za Kanada, mara moja tu, bila sharti. Wengine 65 wa hali ileile hawakupewa fedha hizo, ili walinganishwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Kwa muda wa mwaka mzima, waliopewa walipunguza siku zao za kukosa makao kwa siku 99 kuliko wenzao, wala hawakuongeza matumizi ya pombe, madawa na tumbaku. Kwa kuwa nyumba za kuwalaza maskini zina gharama, mji uliokoa fedha kupita zile zilizotolewa.

Wachunguzi hao walifanya na jambo lingine ambalo lanifurahisha zaidi. Waliwauliza watu wa Marekani wakisie: mtu akipewa fedha kama hizo, atatumia kiasi gani kwa ulevi? Wakakisia kwamba asiye na nyumba atatumia zaidi, kwa 81 katika mia, kuliko mwenye nyumba. Angalieni basi ukubwa wa hofu, na udogo wa jambo lenyewe! Nasi tukumbuke siku ya mshahara katika mitaa yetu. Baa hujaa, na waliojaa humo si waombaji wa mlangoni pa kanisa. Hata hivyo hakuna bwana mkubwa anayemnyima karani mshahara wake kwa kuogopa kwamba atakunywa.

Walakini tusidanganyane. Wale wa Vancouver walichaguliwa: waliokuwa wamezama sana katika ulevi au madawa waliachwa nje ya hesabu. Kwa hiyo uchunguzi huo unatuambia habari za wengi, hautuambii habari za yule mmoja tunayemjua kwa hakika kwamba kila franka yake yaishia katika chupa. Yeye tumfanyie nini?

Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliulizwa neno hilo mwaka 2017 na gazeti la Milano linaloandikwa kwa ajili ya wasio na makao na kuuzwa nao. Alijibu kwamba kutoa ni vema siku zote, na kama bilauri ya divai ndiyo furaha pekee ya mtu huyo, basi na iwe. Wengi walishangaa. Lakini aliongeza jambo ambalo husahauliwa: kwamba namna ya kutoa yapita kitu chenyewe, yaani kumtazama mtu machoni na kumgusa mkono, si kumtupia fedha kama mtu anayetupa ganda la ndizi.

Naona hapo ndipo penye kiini. Mwenye kutupa noti na kukimbia, na mwenye kukataa na kukimbia, wote wawili hawamjui maskini wao. Na asiyemjua atawezaje kupima kama atatumia vema au vibaya? Mwaka 1833, mjini Paris, mwanafunzi Frédéric Ozanam na wenzake wachache walianzisha chama kilichoitwa baadaye cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 20. Hawakujua waanzie wapi, wakaenda kwa sista mmoja, Rosalie Rendu, aliyefanya kazi kati ya maskini wa mtaa wa Mouffetard. Sista akawapa majina ya jamaa na karatasi za kupatia mkate. Ndiyo, karatasi, kama zile za Masisi! Lakini zilipelekwa kwa mkono, nyumba kwa nyumba, na mpelekaji alikaa kitini, akauliza habari za wagonjwa, akarudi tena juma la pili. Baada ya majuma machache walijua nani anakunywa, na kwa nini anakunywa.

Maskini wetu hana nyumba ya kutembelewa, lakini ana mahali pake. Mkaribie umwambie: «Baba, hujambo? Unaitwa nani? Umetoka wapi?» Yawezekana kwamba anahitaji dawa ya kidonda kuliko noti, au nauli ya kurudi kwao, au mtu wa kumpeleka hospitali. Yule mnayemjua kuwa mlevi, wapeni wenye kuuza chakula fedha zake, ale kila jioni. Na siku mtakapokuwa hamjui la kufanya, mpeni kidogo mlicho nacho. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Juu ya watoto nasema vingine, na hapa siyumbi. Neno la Papa lilikuwa la mtu mzima na divai yake. Lisichukuliwe kwa mtoto wa miaka tisa na chupa ya gundi. Human Rights Watch ilieleza mwaka 2006 jinsi watoto wa njiani katika miji ya Kongo wanavyonyang'anywa fedha na wavulana wakubwa, hata na askari wengine. Noti unayompa mdogo asubuhi huenda isilale kwake. Tena wengi wao hawakutoroka nyumbani. Walifukuzwa na watu wa jamaa yao wenyewe kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi baada ya kufiwa na mama au baba. Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya mfuko. Ni ya wazazi, ya wajomba na mashangazi, na ya sisi majirani tuliosikia kelele usiku ule tukanyamaza.

Wasalesiani wa Don Bosco wamefungua nyumba za watoto wa namna hiyo huko Lubumbashi na Goma, na katika miji mingine wako masista na walei wenye kazi kama hiyo. Jifunzeni njia ya kufika huko, ili mweze kumwongoza mtoto. Akiwa na njaa, mpeleke kwa mama mwenye kuuza maharagwe, ukae naye mpaka amalize, asije mkubwa akamnyang'anya. Akisha kushiba, mwulize jina lake, na mtaa aliotoka.