Mchezo hauna mwenyewe, jina lina mwenyewe

Mwaka uliopita kitivo chetu kilipata mabingwa wawili wa sataranji ndani ya majuma mawili. Wa kwanza alishinda mashindano ya kilabu yetu, yale tunayoyafanya kila mwaka chini ya mwembe, kwa mbao za kuazima na kete ambazo baadhi yake ni vifuniko vya chupa. Wa pili alishinda mashindano yaliyolipiwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini. Huyo alinunua mbao mpya kumi na mbili, akatoa zawadi ya falanga, na akaomba jambo moja tu: bango liandikwe “Ubingwa wa Kitivo”, na chini yake jina la duka lake. Nusu ya wanakilabu walikubali. Nusu nyingine tulikataa, nami nilikuwa miongoni mwetu tuliokataa, kwa sauti kubwa kuliko wengi.

Tangu hapo watu waliokuwa wakishiriki noti za masomo hawashiriki tena. Mwezi ujao tutakutana kuandika katiba ya kilabu, na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wake, nimeombwa nieleze jinsi mambo haya yanavyoendeshwa huko juu, duniani. Nilipoanza kusoma niligundua kwamba ugomvi wetu si mgeni. Umewahi kutokea kwa wakubwa, ukadumu miaka kumi na mitatu.

Neno lenyewe

Naanza na neno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. “Sataranji” imetufikia kupitia Kiarabu, ambacho kililipata kwa Waajemi, nao kutoka Kisanskriti: chaturanga, yaani “sehemu nne”. Ni sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Ulaya ilichukua njia nyingine. Ilishika neno la Kiajemi la mfalme, shah, likapita katika Kiarabu na Kilatini cha Enzi za Kati, likawa eschec katika Kifaransa cha kale. Ndiyo échecs tunayoitamka wengi wetu hapa Lubumbashi.

Kiingereza kililipokea kutoka Kifaransa likawa check. Maana ikapanuka: kwanza kumtisha mfalme, kisha kuzuia, kisha kukagua. Karatasi ya benki iliyowekewa alama ili malipo yakaguliwe ikaitwa cheque, na Kifaransa kikalikopa tena neno ambalo lilikuwa mtoto wake: chèque. Anayepeleka hundi benki anabeba mkononi jina la mfalme wa Uajemi.

Si hilo tu. Wafalme Wanormani wa Uingereza walihesabu kodi juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha mirabaraba kama ubao wa sataranji. Ofisi ikapewa jina la kitambaa. Hadi leo waziri wa fedha wa Uingereza huitwa kwa Kifaransa chancelier de l'Échiquier, yaani, neno kwa neno, mkuu wa ubao wa sataranji. Kwa hiyo anayesema kwamba fedha zimeingia kwenye mchezo huu juzi tu, asome kamusi ya asili ya maneno. Swali si kama fedha ziingie au zisiingie. Swali ni zinanunua kitu gani.

Kinachotawaliwa ni nini?

Shirika linalosimamia sataranji duniani lilizaliwa Paris tarehe 20 Julai 1924, na bado linaitwa kwa jina lake la Kifaransa: Fédération Internationale des Échecs, kwa kifupi FIDE. Kaulimbiu yake ni ya Kilatini, Gens una sumus, “sisi ni ukoo mmoja”. Leo makao yake yako Lausanne, Uswisi, na lina mashirikisho ya nchi yapatayo 200. Katika uchaguzi wa rais, kila shirikisho lina kura moja. Nchi yenye mamia ya mabingwa na nchi isiyo na hata mmoja zinalingana mbele ya sanduku. Ndiyo maana wagombea huja Afrika. Bara letu halijawahi kutoa bingwa wa dunia, lakini lina kura nyingi.

Sasa tujiulize: shirika hilo linamiliki nini? Haliumiliki mchezo. Mimi na wewe tukikaa chini ya mwembe, hakuna tunayemlipa. Kinachomilikiwa ni vitu vitatu, na vyote vitatu ni vya lugha. Kwanza, kanuni zilizoandikwa. Pili, vyeo: mwaka 1950 shirika liliwapa wachezaji 27 cheo cha grand maître, na mwaka 1970 likakubali namna ya kupima uwezo wa mchezaji kwa namba iliyobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani. Tatu, maneno mawili yenye thamani kuliko yote: “bingwa” na “dunia” yakikaa pamoja.

Wanafunzi wa mwaka wa pili watamkumbuka J. L. Austin na zile sentensi ambazo hazielezi tendo bali ndizo tendo lenyewe. Mkuu wa kitivo akisema “natangaza kikao kimefunguliwa”, kikao kimefunguliwa. Mlinzi wa lango akisema maneno yaleyale, hakuna kinachofunguka. Sauti ni ileile, sarufi ni ileile. Kinachokosekana ni watu kukubali kwamba msemaji ana haki ya kusema. “Huyu ni bingwa wa dunia” ni sentensi ya namna hiyo.

Mwanzoni haki hiyo ilikuwa mikononi mwa bingwa mwenyewe. Yeye ndiye aliyechagua wa kupambana naye, na yeye ndiye aliyetaja bei. Mwaka 1922 José Raúl Capablanca wa Kuba aliweka sharti kwamba anayetaka kumpinga alete dola 10,000. Alexander Alekhine alizipata, akamshinda huko Buenos Aires mwaka 1927, kisha hakumpa Capablanca nafasi ya kurudiana hadi mwisho. Ni Alekhine alipofariki mwaka 1946, akiwa bado bingwa, ndipo taji lilipobaki bila mtu na FIDE ikalichukua. Mwaka 1948 iliandaa mashindano ya wachezaji watano huko The Hague na Moscow, Mikhail Botvinnik akashinda, na tangu hapo jina likawa la shirika.

Wafanyabiashara walipobisha hodi

Mfanyabiashara anaweza kuingia katika mchezo huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza mfuko. Mwaka 1972 Bobby Fischer wa Marekani alisita kwenda Reykjavik kupambana na Boris Spassky, akitaka fedha zaidi. Jim Slater, tajiri wa London, aliongeza dola 125,000, mfuko ukawa maradufu, Fischer akapanda ndege. Slater hakudai jina. Mchezo ulibaki wa shirika, naye akabaki mtu aliyelipa.

Njia ya pili ni kutaka kuwa na sauti. Mwaka 1987 wachezaji wakubwa waliunda chama chao wakiwa na Bessel Kok, mkuu wa SWIFT, ule mtandao wa Ubelgiji ambao benki hupitishia ujumbe wa malipo; yeyote kati yetu aliyewahi kupokea fedha za karo kutoka ng'ambo ameujazia fomu. Kok alijua kuandaa mashindano mazuri. Lakini alipogombea urais wa FIDE mwaka 2006, alishindwa kwa kura 96 dhidi ya 54 na Kirsan Ilyumzhinov, mfanyabiashara ambaye wakati huo alikuwa pia rais wa jamhuri ya Kalmykia ndani ya Urusi. Kwa wachezaji wakubwa alikuwa na jina. Kura zilikuwa za mashirikisho.

Lakini kubwa kuliko yote lilitokea mwaka 1993. Garry Kasparov, bingwa, na Nigel Short, mpinzani wake, walilitoa pambano lao mikononi mwa FIDE, wakacheza London kwa udhamini wa gazeti la The Times. FIDE ikamvua Kasparov taji na kumpa Anatoly Karpov, aliyemshinda Jan Timman. Dunia ikawa na mabingwa wawili, kama kitivo chetu. Chama cha Kasparov kilipata mdhamini mkubwa, kampuni ya Intel, na mwaka 1995 pambano lake na Viswanathan Anand lilichezwa katika jengo la World Trade Center, New York. Kisha Intel ikajitoa, na chama kikafa. Jina lililokuwa limesimama juu ya mdhamini mmoja lilianguka naye. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2006, Vladimir Kramnik alipomshinda Veselin Topalov huko Elista, ndipo taji likawa moja tena.

Msomaji asidhani kwamba ninalisifu shirika. Kiongozi mmoja anaweza kuliingiza katika shida. Mwaka 2015 wizara ya fedha ya Marekani ilimwekea Ilyumzhinov vikwazo kwa sababu ya mambo ya Syria, na mwaka 2018 FIDE yenyewe ikatangaza kwamba benki ya Uswisi inaifungia akaunti. Mwaka huohuo, huko Batumi, Arkady Dvorkovich, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa Urusi, alichaguliwa rais kwa kura 103 dhidi ya 78. Na kura moja kwa kila nchi ina ubaya wake: kura ya shirikisho dogo hutafutwa kwa ahadi za makocha, vifaa na tiketi za safari.

Mpaka wa kinachouzwa uliwekwa wazi mahakamani. Mwaka 2012 FIDE iliipa kampuni ya Agon haki za kuendesha mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2016 Magnus Carlsen alipopambana na Sergey Karjakin huko New York, kampuni ilitaka tovuti nyingine zikatazwe kutangaza hatua za mchezo zinapochezwa. Mahakama ilikataa kutoa amri hiyo. Farasi akihama kutoka nyumba moja kwenda nyingine, hiyo ni habari, na habari haina mwenyewe. Unaweza kuuza kiti cha ukumbini, picha na jina. Hatua yenyewe huwezi.

Hata Carlsen, mchezaji mkubwa kuliko wote wa wakati huu, alipokataa mwaka 2022 kulitetea taji, taji halikufa. Ding Liren alilichukua Astana mwaka 2023, na Gukesh wa India akalipata Singapore mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 18, katika pambano lenye mfuko wa dola milioni 2.5. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waandaaji wa mashindano ya Freestyle, ambayo Carlsen ni mmoja wa nguzo zake, waligombana na FIDE. Sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya maneno “ubingwa wa dunia”, na waandaaji wakakubali kuyaweka kando. Fedha walikuwa nazo. Mchezaji walikuwa naye.

Turudi chini ya mwembe

Nilikuwa nikisema kwamba mfanyabiashara wetu alikosea. Sasa nasema tulikosea sisi. Yeye aliomba jina kwa watu waliomwambia linauzwa, na sisi tuliokataa hatukuweza kuonyesha karatasi hata moja inayosema jina ni la nani. Tulikuwa na mazoea tu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuwahi kupiga kura katika kilabu yetu, kwa hiyo hata sisi tulikuwa tukisema “bingwa wa kitivo” bila kitivo kutupa idhini.

Kwa sababu hiyo nitapeleka mapendekezo matano kwenye kikao. Kila mwanafunzi aliyejiandikisha awe na kura moja, wa mwaka wa kwanza sawa na wa mwaka wa mwisho. Maneno “Ubingwa wa Kitivo” yawe ya mkutano wa wanachama na yasiuzwe. Mfadhili aweke jina lake kwenye bango, kwenye mbao na kwenye zawadi, nasi tumshukuru mbele ya watu. Hesabu ya fedha isomwe kwa sauti mara mbili kwa mwaka. Na mabingwa wetu wawili wacheze michezo sita kabla ya mitihani, kwa kete za yule mfanyabiashara, chini ya mwembe wetu. Nimeshazungumza nao. Wa kwanza amekubali. Wa pili ameuliza nani atakuwa mwamuzi, na hilo ni swali la haki; ndilo litakalokuwa la kwanza kwenye ajenda.