Kuchoka kwa Mwili na Jinsi ya Kurudisha Nguvu

Wako watu wengi ambao huamka asubuhi wakiwa wamechoka kama walivyokuwa walipolala. Mkulima wa Uasin Gishu huona jembe limekuwa zito kuliko desturi, karani wa Eldoret husinzia mezani saa nane mchana, na mama arudiye sokoni hupanda kilima kidogo akihema. Mara nyingi watu wa namna hii huitwa wavivu, nao wenyewe mwishowe husadiki neno hilo. Lakini mvivu haitaki kazi, na aliyechoka aitaka kazi ila mwili wamkatalia. Mambo mawili haya yafaa yatenganishwe, kwa maana uchovu una sababu zake, na nyingi katika hizo zaweza kuondolewa kwa mambo madogo ya kila siku.

Mfano ulio karibu ni wa wakimbiaji wa Kaptagat na Iten, katika nchi ya juu iliyo jirani na Eldoret. Mtu angedhani ya kuwa hao hawapumziki kabisa, kumbe sivyo. Eliud Kipchoge, ambaye mwaka 2022 alimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, kwa miaka mingi alifanya mazoezi Kaptagat chini ya mwalimu wake Patrick Sang. Katika kambi ile mazoezi magumu yaliwekwa siku tatu tu za juma, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine walikimbia polepole. Usiku walilala mapema, na mchana wakalala tena kidogo. Kwao usingizi ni sehemu ya kazi, kwa kuwa mwili hujitengeneza wakati wa kulala.

Mwenye shamba au duka hawezi kuishi kama mkimbiaji, lakini yapo anayoweza kuyaiga. Mtu mzima ahitaji usiku usingizi wa saa saba au nane, na afadhali alale na kuamka wakati ule ule kila siku. Mchana, dakika ishirini chini ya mti zatosha. Akipita hapo sana huamka mzito. Kazi ngumu, kama kuvuna mahindi, ikigawanywa kati ya siku nzito na siku nyepesi humalizika bila kumwangusha mtu.

Kadhalika chakula. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha ya kuwa wakimbiaji Wakalenjin hupata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao katika vyakula vya wanga na sukari, na ugali ndio ulio mbele. Basi anayekwenda shambani na kikombe kimoja tu cha chai, akakaa hadi saa saba, asishangae miguu ikimlegea. Bakuli la uji wa wimbi asubuhi lafaa zaidi. Na maji yasisahauliwe: baridi ya Eldoret humfanya mtu asione kiu, lakini mkojo ulio wa manjano iliyokolea huonyesha ya kuwa mwili umepungukiwa maji.

Hapa yapasa kutaja chai, ingawa hili si neno la kupendeza katika nchi ambayo watu huinywa hata kabla ya kunawa uso. Chai ya mtu atokaye kukimbia, yenye maziwa na sukari, humrudishia maji na nguvu. Taabu huja ikinywewa wakati usiofaa. Kafeini iliyomo haileti nguvu mpya, bali huuzuia mwili usihisi uchovu. Na ya chai iliyonywewa saa kumi jioni, karibu nusu yaweza kuwa bado mwilini saa tatu usiku. Hivyo mtu hulala vibaya, na kesho yake huhitaji chai nyingi zaidi.

Taabu ya pili haijulikani sana. Damu huchukua hewa ya oksijeni kwa msaada wa madini ya chuma. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili hulazimika kutengeneza damu zaidi. Lakini chai ikinywewa pamoja na ugali, maharagwe, managu au sukuma wiki, ile dawa yake ikazayo ulimi huyashika madini hayo, na mengi hupotea bila kuingia mwilini. Si lazima kuiacha chai; yatosha kungoja saa moja hivi baada ya kula. Tena chungwa, pera au maji ya limau pamoja na mboga huusaidia mwili kuyapokea madini hayo, na hata nyama kidogo husaidia vivyo hivyo.

Kwa madereva wa malori wapitao Eldoret kwenda Malaba, jambo hili ni la kufa na kupona. Kufungua dirisha au kutafuna miraa hakuuondoi usingizi. Dereva anayesinzia na asimamishe gari mahali pa salama, anywe kahawa, kisha alale dakika ishirini. Ataamka wakati kahawa inapoanza kufanya kazi.

Uchovu ukidumu majuma kadhaa ijapokuwa mtu alala na kula vema, ni lazima aende hospitali. Viganja vilivyopauka, moyo kupiga mbio kwa kazi ndogo, na hamu ya kula udongo au odowa ziuzwazo sokoni mara nyingi ni dalili za kupungukiwa damu. Huenda sababu ni mimba, hedhi nyingi, malaria au safura. Kiu isiyokoma pamoja na kukojoa mara kwa mara yaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Na kikohozi cha majuma mawili kipimwe kifua kikuu.

Haifai kununua vidonge vya kuongeza damu kabla ya kupimwa. Mama mjamzito hupewa vidonge hivyo kliniki, naye avimeze kwa maji, wala si kwa chai. Choo chake kikigeuka cheusi asiogope wala asiviache, kwa maana ni rangi ya madini yenyewe.