Shosho Amepewa Dawa ya Macho na Karatasi ya Kizungu? Soma Hii Kabla Uulize AI

Cheki hii. Umepeleka shosho kliniki, daktari amesema ni glakoma, ile wengi huita presha ya macho. Mmetoka na chupa ya matone na karatasi imejaa Kizungu. Shosho anakuuliza, "Wameandika nini, mjukuu wangu?" Unapiga picha, unaambia ChatGPT itafsiri. Sekunde chache Kiswahili kimetoka, tena kimenyooka. Job imeisha, si ndio?

Bado, msee. AI inaweza kukusaidia hapa, lakini pia inaweza kukuangusha bila wewe kushtuka.

Anza na saa. "8 pm" kwetu ni saa mbili usiku. Mashine ikibeba namba vile ilivyo, itaandika saa nane usiku, na shosho ataamka usiku wa manane kuweka dawa. Halafu kuna maneno ya sura mbili. "Pupil" ni mwanafunzi, lakini kwa jicho ni mboni. "Cataract" ni mtoto wa jicho, lakini pia ni maporomoko ya maji. Mara nyingi AI huelewa. Noma ni kwamba hata ikikosea, inakosea kwa lugha tamu, so unaamini.

Na kama shosho anaelewa Kikamba ama Dholuo pekee, chunga zaidi. AI imesoma Kizungu kingi kuliko lugha zetu.

Kosa hatari zaidi ni dogo sana: kuandika "kuponya" badala ya "kutibu". Dawa ya glakoma hupunguza presha ndani ya jicho ili uwezo wa kuona uliobaki usipotee. Ule umeshapotea haurudi. Sasa shosho akisoma kwamba dawa itamponya, atangoja macho yarudi kama zamani. Miezi miwili ikipita bila mabadiliko, ataacha dawa. Glakoma nyingi haziumi, so hatajua inaendelea kumla macho mos mos.

So fanya hivi. Kwanza, ficha jina na namba ya kitambulisho kabla upige picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Pili, iambie AI itumie tu yale daktari ameandika, sentensi fupi, isiongeze kitu yake. Tatu, fungua chat mpya, bandika hicho Kiswahili na uiambie ikirudishe Kizungu. Linganisha na karatasi: jicho gani, matone mangapi, saa ngapi, mpaka lini. Nne, pelekea nesi ama mfamasia aipitie. Dakika mbili tu.

Mwisho, msomee shosho, kisha umwambie akueleze vile atatumia dawa. Akikwama, tatizo ni karatasi, si yeye. Iandike upya.

Na jicho likianza kuuma ghafla, liwe jekundu, aone ukungu ama aanze kutapika, weka simu chini. Hapo hakuna cha kuuliza AI. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

AI ikuandikie, sawa. Lakini kabla shosho aweke tone la kwanza, mtu anayejua macho awe ameisoma.