Ukishuku Kichwa, Mtoe Uwanjani

Juma lililopita nilikuwa Buruburu, Nairobi, kumjulia hali dadangu. Nikamkuta mpwa wangu, kijana wa miaka 16, kajilaza mchana na pazia kazifunga. Aligongana vichwa na mwenzake katika raga ya shule. "Nilipata kizunguzungu kidogo tu, mjomba," akaniambia. "Kocha aliniuliza kama niko sawa, nikarudi nikamaliza mechi." Siku ya tatu hiyo kichwa chamuuma, na Jumamosi ataka kucheza tena.

Wengi wetu twadhani asiyezimia wala kutoka damu hakuumia. Sivyo. Ubongo ni laini, na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo wenyewe huendelea kwenda. Tikisa dafu: ganda halina alama, lakini ndani maji yamevurugika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau na kuchukia mwanga.

Wamarekani walilijua hili kwa gharama. Wachezaji wao wa futiboli huvaa kofia ngumu, lakini kofia huzuia fuvu lisipasuke, haizuii ubongo kutikisika. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, nyota wa Pittsburgh Steelers aliyefariki na miaka 50, akakuta maradhi yaitwayo CTE, yanayotokana na kugongwa mara kwa mara. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichunguza bongo 111 za waliowahi kucheza NFL. 110 zilikuwa nayo. Ni kweli, nyingi zilitolewa na familia zilizokuwa na shaka tayari, basi hicho si kipimo cha wachezaji wote. Hata hivyo ligi ililazimika kukubali fidia ya takriban dola bilioni moja, na sheria zikabadilishwa.

Nasi hatuko mbali. Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Vijana wetu wana ndoto kama hiyo, na simkatazi mtu ndoto.

Lakini kuna hatari kubwa: kugongwa tena kabla ubongo haujapona. Mwaka 2011 kijana wa miaka 14 wa Ireland Kaskazini alifariki baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule. Ndiyo maana sheria ya raga yasema: ukishuku, mtoe, na asirudi siku hiyo. Kisha hupumzika, na hurejea hatua kwa hatua. Akitapika mara kwa mara, akishikwa na degedege, au akisinzia asiamke vizuri, ni hospitali papo hapo.

Dadangu alimpeleka kwa daktari siku iyo hiyo, na Jumamosi hakucheza. Alininunia, nami nikakubali kununiwa. Mwili ni amana, na mechi nyingine zaja, Inshallah.