Faili imefika, nani ameiona? Jinsi programu inavyolinda folda ya nyaraka za mzigo

GISENYI – Lori limefika La Corniche, mpaka mkubwa kati ya Gisenyi na Goma, na dereva amezima injini. Ankara ya mzigo ilishatumwa tangu saa mbili asubuhi na imo ndani ya kompyuta ya wakala wa forodha. Lakini karani anahudumia wateja wengine, hakuna aliyefungua folda kutazama. Kama mzigo ni samaki au nyanya, kila saa ni hasara, na mwenye lori naye anadai pesa ya kulaza gari.

Dawa ipo: programu ndogo inayolinda folda na kupiga kelele mara faili mpya inapoingia. Wafanyabiashara na wasafirishaji hawana haja ya kuiandika wenyewe, ila ni vizuri wajue inavyofanya kazi ili wamuulize wakala au fundi maswali ya maana.

Nyaraka hupita wapi?

Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA) inatumia mfumo wa ASYCUDA World, uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa. Kwa Kifaransa unaitwa SYDONIA. Dirisha moja la kielektroniki la Rwanda lilianza mwaka 2012. Lakini kabla tamko la forodha halijaingizwa humo, wakala hukusanya ankara, orodha ya vifurushi na cheti cha uasili wa bidhaa. Vingine vinatoka kwenye skana, vingine kwenye barua pepe au tawi la Kigali. Njia rahisi ni kuviingiza vyote katika folda moja.

Njia mbili za kulinda

Ya kwanza ni kupiga doria. Kila baada ya sekunde 30, kwa mfano, programu inasoma orodha ya faili zilizomo na kuilinganisha na orodha ya awali. Jina ambalo halikuwepo ni faili mpya. Ni njia ya polepole kidogo, lakini haihitaji ufundi mkubwa.

Ya pili ni kungoja taarifa. Hapa programu inaiambia kompyuta yenyewe: "Kikija kitu humu, niamshe." Katika Windows kazi hiyo hufanywa na FileSystemWatcher, iliyokuja na .NET mwaka 2002. Katika Linux kuna inotify, iliyoingizwa mwaka 2005. Taarifa hufika papo hapo.

Mitego mikubwa

Mtego wa kwanza ni faili nusu. Mara nyingi kompyuta hutoa taarifa faili inapoanza kuingia, kabla haijamaliza. Intaneti ikiwa ya kusuasua, ankara ya kurasa 10 huchukua dakika kadhaa. Programu ikiifungua mapema, itasoma kipande tu au itakwama. Dawa ni kupima ukubwa wa faili mara mbili, tuseme kwa sekunde 10, na kuendelea ukubwa usipobadilika. Iliyo bora zaidi ni mtumaji kuipa faili jina la muda, kisha kuibadilisha jina ikishakamilika. Programu isiguse majina ya muda.

Mtego wa pili ni taarifa mbili kwa faili moja, jambo la kawaida katika Windows. Bila daftari la faili zilizokwisha kushughulikiwa, karani anaweza kuandaa tamko moja mara mbili.

Mtego wa tatu ni taarifa kupotea. Faili nyingi zikiingia kwa mkupuo, nafasi ya kuhifadhia taarifa hujaa na nyingine hudondoka. Tena, inotify haioni faili iliyowekwa na kompyuta nyingine katika folda ya mtandao. Na umeme ukikatika, kilichoingia programu ikiwa imezimwa hakitatangazwa.

Kwa hiyo mafundi wazoefu huchanganya njia zote mbili: taarifa kwa ajili ya haraka, doria kila baada ya dakika chache kwa ajili ya usalama. Programu ikiwashwa, kwanza isome folda nzima. Faili iliyokwisha kazi ihamishiwe folda nyingine, ili inayobaki iwe ni ile inayosubiri.

Wewe ufanye nini?

Muulize wakala wako mambo matatu: nyaraka zangu zikifika, nani anaarifiwa? Faili isipokamilika, mtajuaje? Umeme ukirudi, programu inaangalia za nyuma?

Nawe tuma faili zenye majina yanayoeleweka: namba ya gari, aina ya hati na tarehe. "Scan001" haimwambii mtu kitu.

Mwisho, programu hutangaza tu kwamba hati imefika. Kama uzito au bei iliyoandikwa ni sahihi, hilo linabaki kazi ya macho ya mtu. Lakini angalau macho hayo yataitwa kwa wakati, lori likiwa bado njiani.